Kona Isiyochimbwa

Kosa la kwanza lilikuwa la masikio yangu. Sista Brijita alikuwa akisoma kwa Kiingereza kutoka kwenye daftari la kaka yake, nami nikichapa kwa Kiswahili papo hapo, kama tulivyofanya kila Jumatatu na Alhamisi tangu Februari. Yeye alisema kilini. Mimi nikaandika kliniki. "Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa walipelekwa kliniki," nikaendelea mbele bila kushtuka, vidole vikifanya kazi yao na kichwa kikiwa hakipo.

"Hebu nisomee," alisema.

Nikamsomea. Akavua miwani, akaigonga mezani.

"Kliniki! Wamekufa, mama wee. Wanakwenda kliniki kufanya nini, kupimwa uzito?"

Angekuwa mtu mwingine, wakati ule, ningefunga kompyuta nikaondoka. Lakini Sista ana miaka themanini na sita, anaongea hivyo na kila mtu mpaka askofu, na hakujua lolote kuhusu mimi. Ndiyo sababu niliipenda kazi ile. Katika nyumba ya masista pale Chang'ombe hakuna aliyenitazama tumbo kwanza halafu uso.

Akaniandikia neno lenyewe kwenye karatasi, kwa herufi za Kiayalandi zenye mikia. Kilini, akasema, ni kieneo kidogo cha makaburi cha pembeni. Zamani kule kwao, kijiji cha Kilnadreen, mtoto aliyefariki bila ubatizo hakuruhusiwa kuzikwa uani mwa kanisa. Alizikwa mpakani, mahali ambapo shamba la huyu linaishia na la yule halijaanza, au kwenye ukingo wa bahari, au chini ya mti wa miiba ambao watu waliuogopa. Hakukuwa na padri. Hakukuwa na msalaba. Liliwekwa jiwe jeupe tu, la kuokota.

"Sasa tafuta neno la Kiswahili," alisema. "Na usiniletee kliniki."

Nikaacha nafasi tupu kwenye ukurasa. Tukaendelea.

Naitwa Kokushubila. Kazi yangu ni kutafsiri: vipeperushi vya chanjo, ripoti za miradi ya maji, maelezo ya jinsi ya kutumia jiko sanifu. Masista walinipa kitabu hiki kwa ajili ya jubilei ya Sista Brijita, miaka sitini ya nadhiri zake. Aliwafundisha nusu ya wanawake wa nchi hii hesabu, kwa mujibu wake mwenyewe, na walitaka wanafunzi wake wasome kwa Kiswahili habari za mahali alikotoka. Kaka yake, mwalimu wa kijiji, alikuwa amekusanya mambo yote ya Kilnadreen kabla hajafa: visima vyenye baraka, ngome za udongo, nani alihama na nani alirudi. Mwandiko wake ulikuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Sista peke yake ndiye aliyeweza kuusoma, tena kwa lenzi.

Mengi yalinipita bila kunigusa. Niliandika habari za wahandisi waliokuja kujenga barabara, wakakuta mti wa miiba katikati, na wenyeji wakakataa katakata usikatwe, mpaka barabara ikapindishwa kuuzunguka. Niliandika habari za nyuki. Mtu akifa nyumbani, mmoja wa familia alikwenda kwenye mizinga, akagonga, akawaambia nyuki nani amekufa, la sivyo wangehama. Niliandika yote hayo na kufikiria kitu kimoja tu: nyuki waliambiwa.

Mimi sikuambiwa.

Niseme wazi, maana sipendi kumzungusha mtu. Mwaka jana mwezi wa tano nilikwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nikiwa na miaka thelathini na tisa. Presha ilipanda, nikapelekwa chumba cha upasuaji, nikalazwa usingizi. Nilipozinduka ilikuwa siku ya tatu. Mume wangu, Fredrick, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na shati la siku ya kwanza. Akafungua mdomo. Nikamwambia, "Usiniambie kitu."

Hakuniambia. Mpaka leo namshangaa mwanamume yule kwa utii. Mambo mengine ninayomwomba, kama kuanika taulo, hayafanyi hata nimpigie magoti. Lakini hili alilishika.

Basi nilitoka hospitali bila kujua mambo mawili. La kwanza, wapi mtoto wangu amelazwa. La pili, kama alikuwa wa kiume au wa kike. Hili la pili watu hawaniamini nikiwasimulia, lakini jaribuni mwone. Kwa Kiingereza mtu asingemaliza sentensi moja bila kunifichulia. Kwa Kiswahili walinitembelea mwezi mzima: mtoto amekwenda, mtoto ni malaika sasa, Mungu amemchukua, yeye ndiye ajuaye, utapata mwingine. Mtoto, mtoto, yeye, yeye. Mimi mtafsiri nililala chali nikisikiliza jinsi lugha yangu ilivyo na adabu.

Ningeweza kuuliza. Kuna bahasha ya karatasi za hospitali juu ya kabati, ningeweza kuifungua. Sikufungua. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya kuuliza kuwe kugumu zaidi. Sikuwa na huzuni. Hilo liliwaudhi sana mashangazi zangu waliotoka Bukoba wakitegemea kilio. Nilikuwa na ganzi. Mguu ukikaliwa ukafa ganzi, unaugusa unajua ni mguu lakini si wako. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, nikipika, nikichapa, nikijibu salamu.

Kitu kimoja nilikisikia: nilimchukia Fredrick kidogo. Niliamini alikuwa ameweka sahihi tu, hospitali wakamaliza mambo wenyewe, mtoto akaenda huko wanakokwenda wasiodaiwa na mtu. Mtu wa kuogopa mabishano, nilisema moyoni, hakuweza hata kubishania hilo.

Fredrick ni mtu wa Tukuyu, anafundisha jiografia sekondari hapa Temeke. Tunapanga nyumba Mtoni, vyumba viwili na sebule yenye picha ya mama yake, marehemu, ambaye sikumkuta. Tuna kiwanja Kigamboni, kule Kibada, ishirini kwa ishirini na tano, tulichokinunua mwaka tuliooana. Kwenye ramani ya nyumba kuna chumba kidogo upande wa mashariki ambacho mchoraji alikiandika "mtoto". Baada ya mwezi ule wa tano sikukanyaga tena Kibada. Yeye alikwenda kila Jumamosi na pikipiki, dumu la maji limefungwa nyuma. Kumwagilia zege la msingi, alisema. Zege humwagiliwa wiki, wiki mbili ukiwa mwoga. Yeye alimwagilia miezi.

Fundi wetu, Valerian, alikuja mpaka nyumbani kunishtakia.

"Mama, mwalimu kanihamisha msingi," alisema, kofia mkononi. "Karo la choo tulipanga likae kona ya nyuma, kwenye bikoni ya mpaka. Kakataa. Kasema kona ile isichimbwe hata kwa jembe. Nimesogeza nyumba nzima mita tatu. Sebule itakuwaga kama korido, mama, usije ukanilaumu mie."

"Sikulaumu," nilimwambia. "Fanya anavyotaka."

Sikujali. Sebule ya nani, ya kukaa nani? Mwezi wa tatu mwaka huu nikamwambia Fredrick tuuze. Siku ya nne akasema sawa, kama kitanipa nafuu, sawa. Nikodemu, dalali, akampata mnunuzi, Bi Kubra, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa akimtafutia kijana wake mahali pa kujenga. Walipanga kukutana kiwanjani Jumamosi na kukubaliana maandishi.

Kitu kingine kilinikera, nakitaja kwa sababu kina maana. Kwetu hapa mtu akipiga simu au akipita mlangoni husema "Mpo?", na wewe unajibu "Tupo." Ni salamu tu, haina uzito kuliko habari za saa hizi. Fredrick alikuwa akiijibu kwa namna ya ajabu tangu mwaka jana. "Tupo," anasema, anatulia, halafu tena taratibu, "Tupo." Kama anaonja chumvi. Nilitaka kumuuliza, tupo nani? Tuko wawili, na wa tatu hayupo.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi ya kilini.

Sista alifungua ukurasa uliofuata na kusoma. Kulikuwa na baba mmoja wa Kilnadreen, kaka yake aliandika, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa wakati wa masika. Mke alikuwa mahututi. Baba akatengeneza kasha kwa mbao za kreti la chai, akalibeba alfajiri peke yake mpaka kwenye kona ya shamba lake mwenyewe, kwenye mpaka, akachimba. Hakumwambia mtu. Mke alipopona hakumwambia, na mke hakuuliza. Lakini tangu mwaka ule kona ile haikulimwa. Plau ilifika pale ikageuka. Majirani walimcheka: ardhi yenyewe ndogo, unaacha kona nzima ya majani? Yeye alisema kuna mawe. Miaka thelathini na moja plau ilipinda pale.

Vidole vyangu vilisimama.

"Unachoka?" aliuliza Sista.

"Hapana. Anasema mtoto alikuwa 'he' au 'she'?"

Akasogeza lenzi. "Kaandika 'it'. Kama kiti. Hatukujua, baba hakusema kamwe." Akageuza ukurasa, akalalamika kwamba chai imepoa, halafu akaongeza kwa sauti ileile ya chai, "Huyo ni baba yetu. Mama alikuja kujua siku baba amekufa na yeye amebaki na shamba. Alikwenda na fyekeo akakuta jiwe jeupe. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Alikaa kwenye majani, hatukuweza kumwinua mpaka chakula cha jioni. Alikuwa anamtukana baba, matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena, hata nilipofundisha Tabora. Anamtukana na anapapasa jiwe." Akakohoa. "Hiyo usiandike."

"Sitaandika."

"Na hiyo 'it' utafanyaje?"

"Kwa Kiswahili haina shida, Sista. Tunasema mtoto tu."

"Bahati yenu," alisema.

Sikumwambia ni bahati ya namna gani. Nilihifadhi kazi, nikaaga, nikatembea kwa miguu mpaka Mtoni, mwendo wa saa nzima juani. Nilikuwa nikifikiria karo la choo.

Ijumaa nilibaki nyumbani kuziba ile nafasi tupu. Makaburi, hapana, makaburi ni ya watu waliosindikizwa. Mwishoni niliandika "kiwanja cha watoto", nikamtumia Sista Anna, mtawa kijana anayesahihisha. Baada ya nusu saa akajibu kwa simu: "Dada Koku, shikamoo, kazi nzuri. Hapo penye kiwanja cha watoto nimeongeza 'cha michezo' ili msomaji asichanganyikiwe."

Nikasoma sentensi ilivyokuwa sasa. Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa walizikwa katika kiwanja cha michezo cha watoto. Nikaanza kucheka. Sikuwa nimecheka miezi kumi na moja, na kicheko kilitoka kibaya, kikavu, hakikujua kusimama. Fredrick, aliyekuwa akisahihisha mitihani chumbani, akatoka na kalamu nyekundu mkononi.

"Kuna nini?"

"Neno," nilisema. "Natafuta neno."

"Neno gani?"

Nilimtazama. Ningeweza kumuuliza pale pale, bahasha ipo juu ya kabati, yeye yupo mlangoni. Nilisema, "La mahali pa kuzikia. Kwenye ardhi yako mwenyewe."

Alifunika kalamu. "Si ulinambiaga nyie mnalo?" akasema. "Kibanja." Akarudi chumbani.

Nikakaa na neno hilo. Kibanja, kwetu Wahaya, ni lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Humo mnakula, humo mnakaa, na humo mnazikwa, babu na bibi chini ya ndizi mnazokula. Nilimweleza Fredrick mwaka wa kwanza wa ndoa, tulipokuwa tukipima kiwanja kwa hatua. Nilimwambia neno ni lilelile, nyie mnasema kiwanja, sisi kibanja, ila chenu mtu anakiuza na chetu hakiuzwi, kina watu. Nilikuwa najisifu tu. Nilikuwa nimekwisha sahau.

Usiku sikumuuliza, na yeye hakusema. Si kwamba niliogopa jibu. Niliogopa kwamba nitapata jibu na bado nisisikie kitu.

Jumamosi nilimwambia tunakwenda wote. Aliniangalia, akalifungua dumu la maji alilokuwa amelifunga kwenye pikipiki ili nipate pa kukaa. Nikamwambia, "Lete, nitalipakata." Tukapita darajani, maji yakicheza kwenye dumu mapajani mwangu.

Kibada kumejengwa mno. Niliona nyumba zilizokuwa misingi mwaka jana zina mapazia. Msingi wetu ulikuwa kama Valerian alivyosema, umesukumwa mbele mpaka karibu unakanyaga barabara, sebule nyembamba kweli, na nyuma yake kumebaki uwazi mkubwa usio na kazi. Kwenye kona, kando ya bikoni, kulikuwa na mgomba.

Udongo wa kule ni mchanga wa pwani. Minazi inaota, mihogo inaota, mgomba unahitaji kubembelezwa. Huu ulikuwa umebembelezwa. Umezungushiwa majani makavu kuhifadhi unyevu, kama wanavyofanya kwetu, na ulikuwa na machipukizi mawili. Chini yake palikuwa pamefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana.

Bi Kubra alikuwa amekwisha fika, baibui jeusi, miwani ya jua, amesimama na Nikodemu kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Tulisalimiana. Ni mama wa maneno ya moja kwa moja, nilimpenda.

"Mwalimu," alisema, akifungua karatasi, "mie kila kitu nimekubali. Kipengele hiki tu ndio sikielewi. 'Isipokuwa kona ya nyuma, hatua tatu kwa tatu, itakayobaki kuwa ya muuzaji na asizuiwe kuifikia.' Sasa mwanangu ajenge, azungushe ukuta, halafu wewe uwe unagonga geti kuja kwenye hatua tatu? Utafanya nini hapo, utakaanga mihogo?"

Nikodemu akacheka. Fredrick hakucheka.

"Ni mgomba tu, mama," alisema.

"Mgomba nitakupa kumi, nitakuletea mpaka mlangoni."

"Sio mgomba."

"Basi nini? Umefukia nini hapo? Niambie tu, mie siogopi. Kama ni mambo ya waganga nitaleta shehe wangu asome dua, halafu nilete mtu achimbue."

Aliposema achimbue, Fredrick alihama alipokuwa akasimama kati yake na mgomba. Mwanamume ambaye hajawahi kubishana na konda. Mikono ilikuwa imening'inia, dumu la maji mkono mmoja, na mdomo ulikuwa ukijaribu kitu na kushindwa. Alikuwa bado anatii. Niliona hivyo waziwazi: mnunuzi yuko mbele yake, kiwanja kinapotea, na bado hawezi kusema kwa sababu mimi nipo na nilimwambia asiniambie.

"Mtoto wetu," nilisema.

Ilitoka sauti ya kawaida, ile ya kumjibu mtu anayeuliza saa. Wote wakanigeukia.

"Hapo kuna mtoto wetu," nilisema tena. "Mwaka jana, mwezi wa tano."

Bi Kubra akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu mzima kuliko nilivyodhani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akarudi nyuma taratibu mpaka akatoka nje ya mstari wa kiwanja, kama mtu aliyegundua amekanyaga msala wa mwenzake na viatu. Akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne.

"Penye kaburi hapauzwi, mwalimu," alisema kwa upole. "Ungesema mapema." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, mama yake, Mungu akupe subira."

Mama yake. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Akamshika Nikodemu mkono wa shati, wakaelekea kwenye gari.

Tukabaki wawili. Fredrick akaliweka dumu chini.

"Nani kakwambia?"

"Karo la choo," nilisema. "Na wewe jana."

Akatikisa kichwa kidogo. Halafu akaanza kusema, akiutazama mgomba, haraka haraka, kama mtoto anayesema somo aliloshika kwa moyo. Kwamba walimwambia hospitali wanaweza kushughulikia. Kwamba alikataa. Kwamba alikaa nje kwenye ngazi akiwaza Tukuyu ni mbali, Bukoba ni mbali zaidi, na mimi nimelala haijulikani nitaamka au la, halafu akakumbuka nilivyomwambia, kwetu mtu analazwa kibanjani. "Nikatafuta kibanja chetu ni kipi," alisema. "Tulikuwa nacho hiki tu. Najua haturuhusiwi. Nilikuja alfajiri. Nilimfunga na ile kanga yako."

Niliitafuta kanga ile mwezi mzima. Nilikuwa nimenunua doti mpya ya kwendea kujifungua, imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Kipande kimoja kilirudi nyumbani, kingine nikadhani kimeibwa wodini. Niliwatukana manesi wa watu bure.

"Ulikubali kuuza," nilisema.

"Ulisema utapata nafuu."

"Fredi."

"Nilidhani nikibaki na hatua tatu zinatosha."

Hapo ndipo ganzi ilipoanza kutoka, na aliyewahi kukaliwa mguu anajua kwamba kufa ganzi hakuumi, kinachouma ni damu kurudi. Ilianza miguuni. Nikakaa chini, mchangani, kwenye mistari ya ufagio. Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kikaisha, nikahamia Kihaya, na sikumbuki nilisema nini ila najua mkono wangu ulikuwa ukipapasa lile shina la mgomba, juu na chini. Yeye alikaa pembeni yangu akapokea yote. Nilipokwisha, akafungua dumu, akamwaga maji polepole kuzunguka, bila kuruka chipukizi hata moja.

"Ulimpa jina?" niliuliza.

Alifunga kifuniko cha dumu.

"Niliona haifai kumwacha hivihivi," alisema. "Nilimpa la mama."

Nilimjua mama yake kwa picha tu, yule mwanamke wa ukutani mwenye kilemba cha kanisani. Kila Desemba namfuta vumbi. Jina lake limeandikwa chini ya fremu kwa mkono wa Fredrick. Tupokigwe.

Wa kike, basi. Alikuwa wa kike. Nilikaa nikijaribu kufikiri hivyo, binti, binti yangu, na mbele ya yote lilikuja jambo dogo kabisa, kwamba ningemsuka.

"Mama walimwitaga Tupo," Fredrick alisema. "Nyumbani kote. Tupo."

Nilimgeukia. Miezi kumi na moja ya simu, ya majirani mlangoni, ya wanafunzi wake wakipita dirishani. Kila mtu aliyemsalimia alimpa nafasi ya kulitaja, na hata mara moja hakuiacha ipite. Na mimi nilikaa chumba kimoja naye nikinuna, nikiuliza moyoni tupo nani.

Kule barabarani gari la Bi Kubra lilikuwa limewashwa. Nikodemu alikuwa ameteremka tena, amesimama kwenye mpaka, nyuma ya msingi, hataki kuingia. Nadhani alikuwa amesahau futi yake ya kupimia. Msingi ulimkinga, hakutuona pale chini.

"Mwalimu!" aliita. "Bado mpo?"

Fredrick alifungua mdomo, na safari hii hakuweza.

"Tupo," nilijibu mimi. Nikavuta pumzi, nikalisema tena vizuri zaidi, ili nilisikie. "Tupo."